Kibaya Chajitembeza



Wapendwa Taifa la Mungu, wahenga wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii tumezoea kuisikia katika mazungumzo ya uchumba na ya sokoni, tukacheka na kupita. Juma hili nawaalika tuitafakari kwa uzito zaidi, kwa sababu kuna kitu kilichojitembeza hadi mlangoni pa shule yetu ya msingi, na wengi wenu mmeniuliza baada ya Misa kwa nini Kamati ya Shule imekikataa. Baadhi yenu mmeuliza kwa upole. Wengine, nami nawashukuru kwa ukweli wao, mmeuliza kwa hasira. Ni haki yenu kupata jibu, tena jibu lililo refu kuliko matangazo ya dakika mbili baada ya Komunyo.

Habari yenyewe ni hii. Kampuni moja ya vinywaji ilituandikia barua ya heshima, ikiahidi kutupatia simtanki la lita 10,000 pamoja na mabomba yake, rangi ya kupaka madarasa yote, na jezi za timu zetu za mpira wa miguu na netiboli. Kwa upande wetu, kuta za nje zingepakwa rangi za kampuni hiyo; kibao cha shule kingebeba nembo yake, kubwa kuliko jina la Mtakatifu msimamizi wetu; jezi zingechorwa chupa kifuani; na jokofu la soda lingewekwa karibu na ofisi ya walimu, ili watoto wajipatie kinywaji kwa bei nafuu wakati wa mapumziko. Mkataba ungekuwa wa miaka mitano.

Kila anayeijua shule yetu anajua kwamba bomba hutoa maji siku mbili kwa juma, na siku nyingine watoto huja asubuhi na vidumu mkononi. Kwa hiyo barua ile haikuwa jambo la kuchekea. Mzee mmoja wa Halmashauri ya Walei alisimama akasema mwenye njaa hana mwiko, na kwamba ukuta kupakwa rangi nyekundu au ya kijani hakumzuii mtoto kujifunza kuzidisha na kugawanya. Mama mmoja akasema hata hapo kibandani nje ya lango soda zinauzwa, basi kuna tofauti gani? Mwalimu mkuu, ambaye ndiye anayebeba mzigo wa shida hizo kila siku, alikaa kimya kwa muda mrefu. Nami nilisikiliza karibu saa mbili kabla ya kusema neno. Nilipoombwa kutoa maoni yangu, nilisema tusikubali. Kura zilipopigwa, saba walikataa na watano walikubali. Mnaona basi kwamba hata wenye nia njema waligawanyika, wala simwoni aliyekubali kuwa adui wa watoto.

Nieleze sasa sababu zangu moja baada ya nyingine.

Kwanza, tumtazame mtoto mwenyewe. Mtu mzima anapoona tangazo la soda, la biskuti au la kinywaji cha kuongeza nguvu, anajua kwamba aliyeliweka anataka fedha zake. Anaweza kulipenda tangazo huku akilishuku. Mtoto hana ngao hiyo. Mwaka 2004 jopo la Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, baada ya kupitia tafiti za miaka mingi, lilieleza kwamba watoto walio chini ya miaka minne au mitano hawawezi kutofautisha sawasawa kipindi cha televisheni na tangazo la biashara, na kwamba walio chini ya miaka minane hawatambui bado kuwa tangazo limekusudiwa kuwashawishi. Wanalipokea kama wanavyopokea neno la mwalimu. Ndugu msomaji, mtoto wa chini ya miaka minane ndiye yule aliyeko Darasa la Kwanza na la Pili, ambaye mwalimu akimwambia kwamba jua huchomoza mashariki haulizi nani amemlipa mwalimu aseme hivyo.

Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani walifanya jaribio jepesi kulieleza, lakini zito kulitafakari. Waliwapa watoto 63 wa miaka mitatu hadi mitano vyakula vya aina moja, sehemu moja ikiwa imefungwa kwa karatasi yenye nembo ya McDonald's na nyingine kwa karatasi isiyo na nembo. Chakula kilikuwa kilekile. Watoto walio wengi walisema kile chenye nembo ndicho kitamu zaidi, na walisema hivyo hata kwa karoti na maziwa. Maana yake ni kwamba nembo ilikwisha kuketi katika ulimi wa mtoto kabla hajajua kusoma. Sasa tufikiri: ikiwa karatasi moja ina nguvu kiasi hicho, ukuta mzima wa shule, anaouona mtoto asubuhi na jioni kwa miaka saba, una nguvu gani? Tena ukuta huo ni wa shule ya parokia. Mtoto anaona kwamba kile kilichochorwa hapo kimekubaliwa na mwalimu, na baba Padre, na Kanisa.

Pili, tuangalie kilichomo ndani ya chupa. Chupa ya nusu lita ya soda ya kola ya kawaida hubeba takriban gramu 50 za sukari, nazo ni zaidi ya vijiko kumi vya chai. Ni nani kati yetu aliye mzazi ambaye angemwekea mwanawe vijiko kumi vya sukari katika kikombe kimoja cha chai, akamkabidhi na kumwambia anywe upesi kengele isije ikalia? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu yote anayoipata mtu kwa siku, na kwamba ni afadhali zaidi ikiwa chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima wa kawaida asilimia 10 hiyo ni kama gramu 50. Kwa mtoto ni pungufu ya hapo. Chupa moja tu ya mapumziko inaweza kumaliza posho ya siku nzima na kuvuka mpaka. Matokeo yake yanajulikana: meno kuoza, unene uliokithiri, na baadaye kisukari na maradhi ya moyo.

Najua kuna atakayeniambia kwamba hayo ni maradhi ya wenye nacho, na kwamba sisi shida yetu ni njaa. Ni kweli kwamba utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Lakini udumavu si sababu ya kumjaza mtoto sukari. Ni sababu ya kuogopa zaidi. Soda hushibisha bila kujenga. Hela iliyonunua soda ndiyo ambayo ingenunua yai, karanga, ndizi au maziwa. Maskini ndiye asiyeweza kumudu kupoteza shilingi hata moja kwa kitu kisichomjenga mwanawe, na hata hivyo ndiye anayefuatwa kwa bidii kubwa, mpaka katika kijiji ambako dawa ya malaria haijafika lakini soda imekwisha kufika. Mwezi wa Septemba 2025, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto lilitangaza kwamba, kwa mara ya kwanza, duniani watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene uliokithiri wamekuwa wengi kuliko wenye uzito pungufu: asilimia 9.4 kwa asilimia 9.2. Afrika kusini mwa Sahara na Asia ya Kusini ndiko pekee ambako mizani haijageuka. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Wenzetu wote wamekwisha kunyolewa, na sisi tunaletewa wembe ukiwa umefungwa katika karatasi ya zawadi.

Tatu, kuna hoja ya wajibu wa wazazi, ambayo naiheshimu sana. Wengine husema, "Padre, kulea ni kazi ya baba na mama. Mzazi aseme hapana, basi." Kwa hakika Kanisa limefundisha daima kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Lakini hebu tujiulize, kazi ya tangazo linaloelekezwa kwa mtoto ni ipi? Mtoto hana fedha. Anayetafutwa ni mzazi, na mtoto ndiye anayetumwa kumchosha. Tangazo humfundisha mtoto kulia, kununa na kulinganisha nyumba yao na nyumba ya jirani, mpaka mama aliyeshinda gengeni tangu alfajiri atoe shilingi alizoziweka kwa ajili ya mboga, si kwa kuwa ameshawishika, bali kwa kuwa amechoka. Huko si kumwachia mzazi wajibu wake, ni kumpora. Anayesema mzazi aseme hapana, huku akilipa watu wenye elimu kubwa usiku na mchana wavunje hiyo hapana, anamfunga mtu mikono na kumwambia apigane.

Jambo hili Kanisa halikulinyamazia. Tarehe 22 Februari 1997 Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa hati kuhusu maadili katika matangazo ya biashara. Hati hiyo haikuyalaani matangazo yote. Ilikubali kwamba yanaweza kuwajulisha watu mambo yenye manufaa na kusaidia uchumi kwenda. Lakini ilipowafikia watoto ilinena bila kificho, kwamba matangazo mengi yanayoelekezwa kwao hutumia wepesi wao wa kusadiki, kwa matumaini kwamba watawasukuma wazazi kununua vitu visivyo na faida ya kweli kwao. Kwa maneno mengine, lile ambalo mama zetu wanaliona kila siku dukani, mtoto akiwa amelala sakafuni analilia pakiti yenye picha ya katuni, liliandikwa Roma tangu wakati huo kuwa ni kosa dhidi ya hadhi ya mtoto na haki ya wazazi.

Je, kuna nchi zilizothubutu kusema yatosha? Zipo, na ni vema tuzijue, ili tusidhani tunaota ndoto.

Jimbo la Quebec nchini Kanada lilipitisha mwaka 1978 sheria ya kumlinda mlaji, na tangu mwaka 1980 ni marufuku huko kuwaelekezea matangazo ya biashara watoto walio chini ya miaka 13. Kampuni moja ya vitu vya kuchezea ilikwenda mahakamani ikidai kwamba imenyimwa uhuru wake wa kusema. Mwaka 1989 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Kanada iliamua kwamba uhuru huo ni kweli unabanwa, lakini kwamba kubanwa huko ni halali, kwa kuwa kunamlinda asiyeweza kujilinda. Nawaomba mlishike wazo hilo. Mahakama haikusema kwamba mfanyabiashara hana haki. Ilisema haki yake haipiti juu ya kichwa cha mtoto.

Chile ilikwenda mbali zaidi. Seneta Guido Girardi, ambaye ni daktari, alilisukuma suala hili bungeni kwa miaka mingi, na kampuni za chakula zikalipinga kwa nguvu. Sheria ilipita mwaka 2012 na kuanza kutumika Juni 2016. Kila chakula kilichofungwa viwandani chenye sukari, chumvi, mafuta yaliyokolea au kalori kupita kiwango kilichowekwa kilipaswa kubeba alama nyeusi ya pembe nane usoni mwa pakiti, ili hata asiyejua kusoma vizuri aione. Vyakula vyenye alama hiyo vilikatazwa kutangazwa kwa watoto walio chini ya miaka 14, kuuzwa shuleni, na kuambatanishwa na vitu vya kuchezea. Wanyama wa katuni waliokuwa wakitabasamu kwenye maboksi ya nafaka za asubuhi wakalazimika kutoweka. Watafiti walioifuatilia sheria hiyo walikuta kwamba matangazo ya vyakula vya namna hiyo waliyoyaona watoto wadogo kwenye televisheni yalipungua kwa wastani wa asilimia 44, na kwa vijana asilimia 58. Na kwamba ununuzi wa vinywaji vyenye alama hiyo ulipungua kwa karibu asilimia 24. Unene wa watoto haukutoweka Chile, wala hakuna sheria moja inayoweza kuutoweshea mbali. Lakini mto hukauka kwa kuzibwa vijito vyake kimoja kimoja.

Uingereza nayo ilianza mwaka 2007 kuzuia matangazo ya vyakula hivyo katika vipindi vya televisheni vya watoto, na kuanzia tarehe 5 Januari 2026 sheria inazuia yasionyeshwe kwenye televisheni kabla ya saa tatu usiku, wala yasilipiwe kwenye intaneti wakati wowote. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilikwisha kutoa mapendekezo mwaka 2010, na mwaka 2023 likatoa mwongozo uliokaza uzi: serikali ziwalinde watoto wa umri wote kwa sheria yenye nguvu, si kwa kutegemea ahadi za hiari za wenye viwanda. Nadhani sababu yake haihitaji maelezo marefu. Fisi hapewi bucha kulinda, hata akiapa.

Na kabla hatujasema kwamba haya ni mambo ya Wazungu, tukumbuke tulikotoka. Baba na mama zetu walikwisha kuiona vita hii katika maziwa ya kopo. Kampuni ziliwafuata wazazi wa nchi maskini hadi hospitalini, zikiwa na picha za watoto wanene wenye afya, zikawafanya akina mama walione ziwa lao wenyewe kuwa duni. Maji yalikuwa machafu, unga wa maziwa ulikuwa ghali ukachanganywa mwepesi ili udumu, na watoto wengi wakafa kwa kuharisha na utapiamlo. Mei 1981 mataifa yaliyokutana Geneva yalipitisha kanuni ya kimataifa ya kudhibiti uuzaji wa maziwa hayo. Nchi 118 zilikubali, na moja tu, Marekani, ilipinga. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994, ikazipyaisha mwaka 2013; Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2012. Ndiyo maana leo mama anayejifungua katika zahanati yetu hakuti ukutani bango la maziwa ya kopo. Maziwa hayo hayakupigwa marufuku. Mtoto anayeyahitaji anayapata kwa ushauri wa mganga. Kilichozuiwa ni kuyatembeza. Tulikubali kwamba kitanda cha mzazi si mahali pa kunadi bidhaa. Ninachouliza ni kwa nini mtoto huyohuyo tuliyemlinda akiwa na siku tatu tumwache akiwa na miaka saba.

Sasa nifike kwenye hoja iliyo ngumu kuliko zote, ambayo ilinifanya nisilale vizuri usiku ule baada ya kikao. Mzazi mmoja aliniambia hivi: "Padre, mwanangu akinunua soda, walau haharishi. Akinywa maji ya kisima kile, anaharisha." Wapendwa, huyu hakuzungumza upuuzi. Mahali pasipo na maji safi, soda inakuwa maji ya maskini, na anayemhubiria mtoto wa namna hiyo habari za sukari bila kumpa maji anamtwika mzigo asioubeba yeye mwenyewe. Tena tulikuwa tumekataa tangi la maji! Nilimjibu kwamba dawa ya maji machafu ni maji safi, wala si soda. Lakini nilijua kwamba jibu hilo ni la mdomoni mpaka litakapotoka bombani.

Kwa hiyo mjue mambo yalivyo. Kikao kilekile kilichokataa ofa ile kilikubaliana kwamba kukataa bila kutenda ni unafiki. Tangu juma lile, wapishi wa uji wanachemsha maji kila jioni, na asubuhi kila darasa linapata ndoo yenye koki na kifuniko. WAWATA wamejitolea zamu ya kuzisafisha ndoo hizo. Mabati ya madarasa mawili yamewekewa mifereji ya kukinga maji ya mvua. Mchango wa simtanki letu wenyewe umefikia nusu ya fedha zinazotakiwa, na hadi ninapoandika haya simtanki halijanunuliwa. Madarasa hayajapakwa rangi. Timu zetu zimeingia katika mashindano ya kata na jezi zilizopauka. Hasara hiyo ni ya kweli, na wanaoibeba ni watoto. Ndiyo maana nasema kwamba aliyeunga mkono uamuzi ule na hajatoa mchango wake bado hajamaliza kupiga kura.

Kuna pia waliohofu kwamba Padre sasa atawafukuza wauzaji wa langoni. La hasha. Mama anayeuza mihogo, karanga, maembe na kashata hapo nje ni jirani yetu. Anajulikana kwa jina, na mwanawe anasoma humohumo. Hana studio ya kutengeneza katuni, wala hampigii mtoto simu usiku. Sisemi pia kwamba soda ni dhambi. Mgeni akija, akipewa soda baridi kwa heshima, na anywe na ashukuru. Arusi ina furaha yake. Tofauti ninayoitaja ni kati ya kuuza na kuwinda. Muuzaji humngoja mnunuzi aje na akili zake timamu. Mwindaji humfuata yule asiyejua kwamba anafuatwa. Shule, kanisa, zahanati na uwanja wa michezo wa watoto ni mahali ambapo mtoto ameambiwa na wakubwa wake kwamba hapa uko salama. Mahali hapo hapapaswi kukodishwa kwa mwindaji, hata akija na tangi la maji begani.

Injili inatukumbusha kwamba hakuna baba ambaye mwanawe akimwomba mkate atampa jiwe. Nasi hatutoi mawe. Lakini siku hizi kuna mafundi wanaolichonga jiwe likafanana na mkate, wakalipaka rangi za kupendeza, wakamfundisha mtoto wimbo wake, mpaka yeye mwenyewe analiomba jiwe akidhani ni mkate. Hapo upendo wa mzazi peke yake hautoshi. Inahitajika jamii nzima isimame pamoja naye, na inahitajika sheria ya nchi.

Basi tufanye nini? Nawaletea mambo matatu, yote yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Katika familia na Jumuiya Ndogo Ndogo, tuketi na watoto tuwafundishe kulisoma tangazo. Muulize mtoto: nani ametengeneza picha hii? Anataka nini kwako? Kwa nini ameweka katuni na si picha ya kiwanda? Watoto wetu ni werevu. Wakishaonyeshwa ndoano, wataitazama chambo kwa jicho jingine. Tuziangalie pia simu tunazowapa ili watulie, kwa maana siku hizi tangazo halingoji ukutani: liko katika mchezo anaoucheza na katika video anayoitazama, ambako mzazi haoni wala hasikii.

Katika parokia, naiomba Halmashauri ya Walei iridhie kwamba sherehe za Komunyo ya Kwanza, Kipaimara na siku ya Utoto Mtakatifu zisidhaminiwe na kampuni yoyote ya vyakula au vinywaji vya namna hii, na kwamba watoto waandaliwe maji, maziwa, matunda na juisi ya ukwaju au ya ubuyu isiyojazwa sukari. Familia itakayotaka kumnunulia mwanawe soda siku hiyo, itanunua yenyewe, kwa hiari yake. Mezani pa watoto parokia iandae kile ambacho ingemwandalia mwanawe yenyewe.

Katika nchi, tuzungumze na madiwani na wabunge wetu. Tuwaulize kwa adabu: ikiwa tuliweza kulinda kitanda cha mzazi tangu mwaka 1994, ni lini tutalilinda lango la shule? Jambo hili haliwezi kuachiwa kila kamati ya shule ipambane peke yake kila inapoletewa barua, maana kamati yenye shida zaidi ndiyo itakayosaini kwanza, na watoto walio maskini zaidi ndio watakaosoma chini ya chupa iliyochorwa. Kura zetu zilikuwa saba kwa tano. Katika shule nyingine zinaweza kuwa tano kwa saba, na wale saba wasistahili lawama, kwa kuwa hawakuwa na maji.

Sanduku la mchango wa simtanki liko karibu na mlango wa sakristia, na hesabu yake itasomwa kila Dominika ya kwanza ya mwezi. Wazazi wa Darasa la Tatu na la Nne ndio wenye zamu ya ndoo juma lijalo.

Nawatakia Dominika njema na juma lenye amani.

Paroko wenu